Kitabu cha mzimu kilichofichwa juu ya kabati

Baba mmoja mkazi wa Mbagala, Dar es Salaam, alirudi kutoka kazini akamkuta binti yake wa miaka 13 amejikunja kwenye kochi, televisheni imezimwa, anasoma. Alitaka kufurahi, lakini macho yake yakatua kwenye jalada: Mzimu wa Watu wa Kale. Akakichukua kitabu, akakiweka juu ya kabati, akasema ndani ya nyumba yake hataki mambo ya mizimu.

Mama hakubishana naye mbele ya mtoto. Alijua jambo ambalo mumewe hakulijua: hicho kilikuwa kitabu cha kwanza binti huyo kukishika bila kusukumwa tangu aingie darasa la tano. Kwa miaka yote hiyo, kusoma kwake kulimaanisha vitabu vya kiada na karatasi za mitihani iliyopita.

Wazazi wengi wana hofu kama ya baba huyu. Hadithi za sungura na fisi hazina tatizo, lakini zikija za majini, maiti na wapelelezi, wanaona mtoto ataharibika. Wengine wana tatizo la upande wa pili: mtoto ana miaka 11 na bado ananunuliwa vitabu vya sungura tu, kisha analaumiwa kwamba hapendi kusoma.

Kila aina ya hadithi ina kazi yake. Ya wanyama humpa mtoto mdogo nafasi ya kupima tabia za watu bila kumtaja jirani. Sungura anaiba, anadanganya, anaponyoka, na mtoto anamshangilia. Muulize kama sungura alifanya vizuri, halafu unyamaze usikilize. Majibu ya mtoto wa miaka 6 yatakushangaza.

Hadithi ya upelelezi inataka kingine. Msomaji lazima akumbuke nani alisema nini kurasa 40 zilizopita, amshuku mtu, kisha akubali kwamba alikosea. Ni zoezi zuri la kumbukumbu, na mtoto analifanya kwa hiari yake, tena usiku akijifunika shuka.

Kuhusu kile kitabu cha juu ya kabati, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alikichapisha mwaka 1960. Maiti inakutwa kwenye mzimu, wanakijiji wanaogopa, kisha anakuja Bwana Msa na kiko chake. Yeye haanzi na uganga. Anauliza maswali, anapima maelezo ya kila mtu, anatafuta ushahidi. Kwa mzazi anayechukia ushirikina, ni vigumu kupata kitabu kinachomfaa kuliko hicho. Jalada ndilo lililomponza.

Hata hadithi za maajabu si ngeni kwetu. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze, aliandika juu ya mtu anayewachapa manyani wawili kila usiku, na msomaji hatulii mpaka ajue kwa nini. Ndani yake kuna wivu wa ndugu kwa ndugu, jambo ambalo watoto wanaolala chumba kimoja wanalijua vizuri sana.

Hofu nayo isipuuzwe. Ndoto za kutisha ni kawaida kwa watoto, hasa wa kati ya miaka 3 na 6, na hadithi ya zimwi saa tatu usiku inaweza kuzichochea. Isomeni mchana. Akiamka analia, usimcheke wala usikichane kitabu. Kaa naye kwanza, na asubuhi muulize ni sehemu gani ilimtisha. Ikiwa hofu inamnyima usingizi siku baada ya siku, mpeleke kwa mtaalamu wa afya, maana huenda chanzo si hadithi.

Kwa walio chini ya miaka 5, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo mwaka 2019: wenye miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa 1 ya skrini kwa siku, na muda wa kukaa wautumie kusomewa na kusimuliwa hadithi na mlezi. Mzazi asiyesoma vizuri asijitoe hapo. Kusimulia kunahesabika, na bibi anajua nyingi.

Bei ya vitabu ni kikwazo cha kweli, lakini Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, ina sehemu ya watoto, na mikoani zipo maktaba za Bodi ya Huduma za Maktaba. Kwenye intaneti, African Storybook inatoa hadithi fupi za Kiswahili bila malipo. Unazipakua ukiwa na bando, mnazisoma hata likiisha.

Kule Mbagala, mama alisubiri Jumapili, akamwomba mumewe asome kurasa 10 za kwanza ndipo aamue. Alisoma 10, akaendelea. Jioni kitabu kilirudi kwa binti, bila maneno mengi.

Alikimaliza Jumatano. Baba, aliyekuwa ameachia njiani, akamuuliza huku anavua viatu: "Eti, nani alimuua?"

"Baba, nikikwambia nitakuharibia," binti akajibu, akimkabidhi kitabu.

Sasa kinalala upande wa kitanda anaolala baba.