Biblia ya John Eliot na lugha iliyorudi kwa mama



Juma hili tunasoma maisha ya John Eliot. Alizaliwa Uingereza mwaka 1604 na kusoma Cambridge. Alikuwa Mpuritani, yaani mmoja wa Wakristo waliotaka kanisa la Uingereza lisafishwe. Wakubwa wa kanisa waliwabana watu hao, na wengi walivuka bahari kwenda Amerika. Eliot alifika Boston mwaka 1631. Mwaka uliofuata alianza kuwa mwalimu wa kanisa la Roxbury, akamwoa Hanna Mumford. Mama Hanna alijulikana kwa kutibu wagonjwa kwa dawa.

Nchi hiyo ya Massachusetts ilikuwa na wenyewe: Wamassachusett, Wawampanoag, Wanipmuc. Eliot alitaka kuwahubiri kwa lugha yao, lakini lugha hiyo haikuwa na kitabu. Aliifundishwa na Cockenoe, kijana wa Long Island aliyetekwa katika vita vya mwaka 1637 na kuwekwa mtumishi katika nyumba ya Mwingereza. Kwa hiyo mwalimu wa kwanza wa mmisionari huyo alikuwa mateka. Tusimsahau.

Mwaka 1646 Eliot alihubiri kwa lugha hiyo nyumbani kwa Waban, mkubwa mmoja wa wenyeji. Mwaka 1651 walioamini walijenga kijiji cha Natick, na kufikia 1674 vijiji vya namna hiyo vilikuwa 14. Lakini tuseme ukweli wote: ndani ya vijiji hivyo watu walidaiwa kukata nywele zao ndefu na kuacha desturi nyingi za wazazi wao. Huku nje Wazungu waliendelea kuchukua mashamba yao.

Kazi kubwa ilikuwa Biblia. Agano Jipya lilitoka mwaka 1661, Biblia nzima mwaka 1663. Hiyo ndiyo Biblia ya kwanza kuchapwa Amerika, na ni ya lugha ya wenyeji. Ile ya Kiingereza ilikuja kuchapwa huko mwaka 1782. Jina la Eliot ndilo linalotajwa, lakini hakuifanya peke yake. Job Nesuton alimsaidia kutafsiri. Kijana wa Kinipmuc aliyeitwa James Printer alipanga herufi za chuma, moja moja, ukurasa kwa ukurasa. Baadaye Eliot mwenyewe aliandika kwamba huyo tu ndiye aliyeweza kupanga na kusahihisha kurasa hizo kwa kuelewa.

Mwaka 1675 vita vililipuka kati ya Waingereza na wenyeji. Wale waliokuwa wakisali Natick walishukiwa na pande zote mbili. Mwezi wa kumi wakubwa wa Massachusetts waliwapandisha katika mashua, wamama na watoto na wazee, na kuwatupa katika Deer Island, kisiwa cha bahari ya Boston. Baridi ilikuwa imekaribia, na chakula na kuni vilikuwa haba. Wengi walikufa kwa njaa na baridi. Sisi ambao tumeona watu wakikimbizwa na kufungiwa mahali kwa sababu ya kabila lao, tunaelewa habari hiyo bila kuelezwa sana.

Eliot hakunyamaza. Aliwatembelea kisiwani. Mwaka huohuo aliandikia gavana na baraza lake kupinga kuuzwa kwa mateka kama watumwa. Hawakumsikiliza, wengi waliuzwa. Nesuton alikufa katika vita hivyo, na vitabu vingi viliharibika. Eliot, mzee sasa, alianza tena pamoja na James Printer, na Biblia ikatoka mara ya pili mwaka 1685. Mama Hanna alikufa 1687, na Eliot mwaka 1690.

Kisha lugha yenyewe ilipungua. Watoto waliachishwa kuisema, na katika karne ya 19 ilinyamaza kabisa. Zaidi ya miaka 100 hakuna mtoto aliyeimbiwa kwa lugha hiyo.

Mwaka 1993 mama mmoja wa Kiwampanoag, Jessie Little Doe Baird, alianza kazi ya kuirudisha. Alisoma elimu ya lugha katika chuo kikuu, akachambua Biblia ile pamoja na barua na hati za mashamba ambazo mababu zake waliziandika wenyewe. Halafu akafanya lile ambalo kitabu hakiwezi: alimlea binti yake kwa lugha hiyo tangu kuzaliwa. Leo kuna watoto wanaofundishwa lugha hiyo.

Wamama, kitabu kiliitunza lugha, lakini ilihitaji kinywa cha mama ili iwe hai tena. Sisi bado tuna Mashi, Kilega, Kinande, Kibembe na nyingine nyingi, na bibi zetu bado wanazisema. Kiswahili kinatuunganisha na Kifaransa kinawasaidia watoto shuleni. Hata hivyo jioni, kwenye moto, mtoto asikie pia lugha ya bibi yake.

Kwa mazungumzo ya kikundi:
1. Ni nani katika jamaa yetu anayejua methali na majina ya zamani? Nani anayaandika?
2. Watu wetu wanaposhukiwa bure, tunasimama nao namna gani?
3. Juma hili tutawafundisha watoto wimbo gani wa kwetu?