Moshi wa Mbali na Moshi wa Jikoni

Ninyi wa Lubumbashi munaijua ile shemine kubwa ya kiwanda kilichoanza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Shemine ndefu haimalizi moshi. Inautupa juu, upepo unaubeba, na watu wa mbali wanaupokea.

Je, sisi wa Kisangani? Hatuyeyushi shaba, tena msitu unatuzunguka. Hata hivyo, mvua ikipungua, siku nyingine mbingu inakuwa na utandu wa moshi. Unatoka wapi?

Tuangalie ramani. Muji wetu uko karibu na ikweta, kati ya pori mbili za majani. Kaskazini, toka Uele mpaka Afrika ya Kati na Sudani Kusini, majani yanachomwa Novemba mpaka Februari. Kusini, kule Kasai, Katanga, Angola na Zambia, yanachomwa hasa Juni mpaka Septemba. Moto ukizimika upande mmoja, upande mwingine unawaka. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba mvua ya msitu wa Kongo inashuka na naitrojeni nyingi iliyotoka katika moto wa namna hiyo. Maana yake, moshi unasafiri mamia ya kilomita mpaka pale ambapo hakuna aliyewasha kitu.

Sasa shikeni jambo hili: moshi wa mbali unajumlishwa na ule wa jikoni. Vumbi lake jembamba, lisilofika mikrometa 2.5, linaingia mpaka ndani kabisa ya pafu, na pafu haliulizi kama limetoka Uele ao katika mbabula yako. Tangu 2021 OMS inashauri wastani wa mwaka usipite mikrogramu 5 kwa meta kyubu moja ya hewa.

Moto wa Angola huwezi kuuzima. Wa kwako uko mkononi mwako. Mama, miezi ile hasa, pika inje, tumia kuni zilizokauka, usimlaze mtoto mchanga karibu na moto. Makala usiyaache yakiwaka ndani ya chumba cha kulala: gesi yake haionekani, lakini inaua. Kijana, usichome plastiki uani. Baba unayechoma shamba, upepo unapeleka moshi wako kwa jirani usiyemjua, kama vile wake unavyokufikia wewe.

Na mtoto akikohoa huku akipumua mbio mbio, mumupeleke kituo cha afya leo, si kesho.