Apu yako ni moto, lakini nani Malaba anakujua?

Wewe mwenye kampuni changa pale Chakol, sikiza. Hiyo apu yako ya kuwaambia madereva foleni ya malori Malaba imefika wapi inaweza kuwa kali kuliko zote na bado ukose mteja. Msee wa trela hakujui. Afisa wa kaunti hakujui. Mwekezaji akitafuta mtu wa kumweleza mambo ya mpaka, atapewa namba ya jamaa wa Nairobi ambaye hajawahi kulala kwenye hiyo foleni hata usiku mmoja.

Wengi wakisikia "uhusiano mwema" wanafikiria hoteli, fulana zenye nembo, mheshimiwa wa kukata utepe na wanahabari wa kulishwa. Pesa za miezi mitatu zinaisha mchana mmoja, na kesho yake hakuna anayekupigia simu.

Angalia Ushahidi. Januari 2008, nchi ikiwaka baada ya uchaguzi, kikundi cha wanablogu na wanaprogramu, wakiwemo Ory Okolloh, Juliana Rotich, David Kobia na Erik Hersman, kilitengeneza kwa siku chache tovuti ya kukusanya ripoti za ghasia na kuziweka kwenye ramani. Okolloh na Hersman tayari walikuwa na blogu zinazosomwa. Kisha programu ikaachiwa watu bure. Tetemeko lilipopiga Haiti Januari 2010, ikatumika huko pia. Dunia ikawajua kwa kazi iliyoonekana.

Sasa linganisha na Kune, kampuni ya kuuza chakula Nairobi. Mwaka 2021 ilitangaza kupata dola milioni 1. Habari zilisambaa kweli, ila mwanzilishi wake Mfaransa alikuwa amedai ni vigumu kupata chakula kizuri cha bei nafuu mjini. Anaambia nani? Watu wa kibanda? Wakenya wakamchemkia Twitter. Juni 2022 ikafungwa. Kilichoiua ni pesa kuisha, lakini sifa za vyombo vya habari hazikuiokoa.

Rudi nyumbani. Mwaka 2020, wakati wa vipimo vya corona, foleni ya Malaba ilikuwa ya makilomita mengi na kila gazeti liliiandika. Ungekuwa na hesabu zako wakati huo, mwanahabari angekupigia wewe kwanza.

Kwa hivyo kila Jumatatu toa ujumbe mfupi: wiki jana lori lilikaa saa ngapi, siku gani ni mbaya, shilingi ya Uganda inabadilishwa kwa ngapi. Peleka kwa redio inayotangaza kwa Kiteso, kwa kina mama wanaovusha mahindi, kwa WhatsApp za madereva, kwa mwandishi wa gazeti aliye Busia mjini. Bure. Hesabu ikienda kombo, irekebishe siku hiyo hiyo, hadharani. Na tafadhali, usijiite "nambari moja Afrika Mashariki". (Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, usiniulize cheti, lakini hiyo hata mtoto anaicheka.)

Utasema washindani wataiba. Waibe. Namba za wiki jana watachukua, za wiki ijayo watazingoja kwako.

Jumatatu ni kesho kutwa. Mtangazaji wa asubuhi anatafuta kitu cha kusoma kabla ya saa moja, na dereva aliye Malaba amewasha redio.