Bei za "punguzo" msimu wa korosho zikaguliwe



Naomba nafasi katika gazeti lako ili nieleze jambo linalotusibu sisi wananchi wa Newala kila ifikapo miezi ya Oktoba, Novemba na Desemba, nikitumaini kuwa wahusika watalisoma na kulifanyia kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha wilaya hii, juu ya uwanda wa Makonde. Sina duka, wala sina undugu na mwenye duka. Ninayoyasema nimeyaona kwa macho yangu.

Katika miji mikubwa watu husubiri Krismasi na mwaka mpya ndipo maduka yapunguze bei. Huku kwetu anayefungua sikukuu ni mnada. Tangu utaratibu wa stakabadhi ghalani ulipoanza mwaka 2007, mkulima hupeleka korosho zake kwenye chama cha msingi, zikaingia ghala kuu, zikanadiwa chini ya chama kikuu, ambacho kwetu ni TANECU, na fedha hupitia benki. Msimu wa 2024/2025 ulipofunguliwa Oktoba 2024, bei mnadani ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Mkulima mwenye kilo 600 aliona mbele yake shilingi 2,400,000 kabla ya makato. Hizo ni fedha ambazo mtu wa kijijini hazishiki mwezi wa Aprili wala wa Julai. Anazishika mara moja kwa mwaka, na wenye vyombo vya umeme wanazijua tarehe zake kuliko hata sisi walimu tunavyoijua ratiba ya mitihani.

Basi wiki ya malipo utawaona. Magari yanapanda kutoka Mtwara na Masasi yakiwa yamebeba sabufa, runinga bapa, redio, paneli za sola, betri na simu za kila namna. Spika moja inafunguliwa mpaka watoto darasani hawasikii somo. Kila boksi lina karatasi yenye bei mbili, ya juu imekatwa kwa kalamu nyekundu na ya chini imeandikwa kwa herufi kubwa, pamoja na maneno "Punguzo la Msimu".

Nichukue mfano mmoja. Mwezi wa Julai niliuliza bei ya sabufa katika duka moja nikaambiwa shilingi 150,000. Sikununua, ila niliandika bei hiyo nyuma ya daftari langu la maandalio, kwa kuwa nilikuwa na nia ya kurudi. Mwezi wa Novemba nilipita tena. Sabufa ile ile, jina lile lile, karatasi inasema 200,000, imekatwa, chini yake 165,000. Mtoto wa darasa la sita ukimpa hesabu hiyo atakwambia kuwa bei haikupungua, imepanda shilingi 15,000, yaani asilimia kumi. Lakini watu walikuwa wamepanga mstari wakishukuru kwa kupunguziwa shilingi 35,000. Nilipomwuliza muuzaji, kijana mpole tu, alinijibu, "Mwalimu, huu ni msimu." Jibu hilo lilinikaa kichwani, maana lilikuwa la kweli kupita karatasi yake.

Jambo hili si la Newala peke yake. Huko Marekani iko siku waiitayo Black Friday, Ijumaa inayofuata sikukuu yao ya Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba, ambapo watu hukimbilia madukani kutafuta runinga na kompyuta za bei poa. Desturi hiyo imevuka bahari, na siku hizi hata Dar es Salaam matangazo yake yako kila mahali. Uingereza kuna shirika la kutetea wanunuzi liitwalo Which?, ambalo limekuwa likizifuatilia bei hizo mwaka mzima na kukuta kuwa vitu vingi sana vilivyotangazwa kwa punguzo viliwahi kuuzwa kwa bei hiyo hiyo, au ya chini zaidi, katika miezi mingine. Nchi za Umoja wa Ulaya zimekwenda mbele zaidi. Tangu tarehe 28 Mei 2022 mfanyabiashara wa huko akitangaza punguzo anatakiwa aonyeshe bei ya chini kabisa aliyouzia kitu hicho katika siku 30 zilizotangulia. Kama wazungu waliosoma, wenye intaneti mchana na usiku, wamehitaji sheria ya kuwalinda na kalamu nyekundu, basi mkulima wa Newala asichekwe.

Nasema asichekwe kwa sababu nimechoka na vichekesho vya mjini kwamba watu wa kusini wakishika fedha za korosho wanapoteza akili. Mtu aliyepulizia salfa mikorosho yake akavuta vumbi lile kifuani, akaokota korosho moja moja chini ya miti, akanunua maji kwa ndoo maana huku juu visima ni shida, ana haki ya kusikiliza redio nzuri jioni. Redio si anasa. Bei ya mnada tunaisikia redioni. Simu ndiyo inayomjulisha mkulima kuwa malipo yameingia. Paneli ya sola ndiyo taa ya mwanafunzi wa darasa la saba anayejisomea usiku mahali ambapo nguzo hazijafika. Mimi sipingi ununuzi. Napinga watu kuuziwa jina la kitu badala ya kitu chenyewe.

Na hapa ndipo penye madhara zaidi ya bei. Sabufa inaandikwa kwa nje "wati 10,000". Geuza nyuma, soma kibandiko kidogo kilichoko pale unapoingia waya wa umeme, utakuta inatumia wati 40 au 60. Chombo hakiwezi kutoa nguvu kuliko ile inayoingia ndani yake. Hii ni sayansi tunayoifundisha watoto. Paneli ya sola inaandikwa wati 100 na inabebwa kwapani kama ubao wa kuandikia. Paneli ya kweli ya wati 100 ina ukubwa unaokaribia nusu mita ya mraba, tuseme mita moja kwa nusu mita, na ikiwa ndogo mno kuliko hapo basi wati zake ziko kwenye karatasi tu. Runinga inauzwa "nchi 32". Nchi hizo hupimwa kutoka pembe hadi pembe ya kioo, nazo ni karibu sentimeta 81. Na runinga hiyo, kama haina kipokezi cha dijiti ndani yake, itahitaji king'amuzi, jambo ambalo muuzaji halisemi mpaka umefika nyumbani, ingawa mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam tangu tarehe 31 Desemba 2012.

Simu nayo ina historia yake. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizifungia simu bandia nchi nzima, na watu wengi waliamka asubuhi wakiwa na vipande vya plastiki mikononi. Wakati ule tulifundishwa kubonyeza *#06# ili namba ya simu yenyewe itokee, kisha kuilinganisha na ile iliyoandikwa kwenye boksi. Ni wangapi bado wanafanya hivyo kabla ya kutoa fedha? Wachache. Muuzaji ana haraka, foleni ni ndefu, na mtu anaona aibu kuonekana anashuku.

Nimegusa aibu kwa makusudi. Wazee wetu wengi hawaulizi kwa sababu hawataki kuonekana hawajui. Ukirudi na chombo kibovu unaonyeshwa chini ya risiti maneno "Mali ikishauzwa hairudishwi", na mzee anainama anaondoka. Laiti angejua kuwa maneno hayo hayako juu ya sheria za nchi. Sheria yetu ya uuzaji wa bidhaa inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo fulani kilingane na maelezo hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi, pamoja na kumdanganya kuhusu bei. Sheria ipo, isipokuwa huku juu hatumwoni wa kuisimamia, na tukimwona basi msimu umekwisha.

Sasa nije kwenye kangomba, kwani wengine watadhani nimetoka nje ya mada. Kangomba ni ule ununuzi wa korosho wa kificho, nje ya chama, mara nyingi kabla hata korosho hazijaanguka. Serikali imeupiga vita kwa miaka mingi, na msimu wa 2018/2019, pale Serikali ya Rais Magufuli ilipoamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, kila mkulima alihakikiwa ili wenye kangomba wajulikane. Lakini siku hizi kangomba imebadili nguo. Haiji na fedha mkononi, inakuja na runinga. Mtu anakuachia chombo mwezi wa Agosti, wakati mfuko ni mtupu na ngoma za jando na unyago zinakaribia, wakati ambao kila nyumba inataka muziki. Mnaandikiana kuwa utalipa kwa magunia. Gunia linahesabiwa kwa bei ya Agosti ya mwenye chombo, si ya mnada wa Oktoba. Mzazi mmoja wa shule yetu alitoa kwa njia hiyo korosho ambazo mnadani zingempatia fedha ya kununua runinga mbili kama ile, na chenji ikabaki. Runinga yenyewe ilizima kabla ya Pasaka.

Mwezi wa Januari mtoto wake alichaguliwa kwenda kidato cha kwanza. Ada hakuna, hilo tunashukuru. Lakini sare, daftari, viatu, godoro na ndoo havikuondolewa. Aliripoti akiwa amechelewa wiki tano. Nilimfundisha mtoto yule hesabu miaka miwili, najua uwezo wake, na najua wiki tano za mwanzo zina maana gani kwa mtoto anayeanza kufundishwa kwa lugha nyingine.

Wapo watakaosema turudi kwenye mpango wa zamani. Wazee wanasimulia jinsi miaka ya sabini vitu vilivyokuja kwa kampuni za biashara za mikoa, RTC, na bei zikapangwa na Tume ya Bei. Wanasimulia pia, wakiulizwa vizuri, kuwa bei ilikuwepo ila redio haikuwepo, na kwamba betri ziliuzwa chini ya meza. Sitamani hayo. Biashara iwe huru, ila iwe ya haki.

Ninachoomba hakihitaji bajeti kubwa. Halmashauri yetu iwatake wote wanaokuja kuuza vyombo vya umeme msimu wa korosho waweke meza ya kujaribia yenye umeme, mnunuzi aone chombo kikiwaka kwa muda wa kutosha, si dakika moja. Kila mmoja atoe risiti ya EFD yenye jina la chombo na namba yake, na muda wa waranti uandikwe kwa Kiswahili. Anayeandika punguzo aonyeshe aliuza kwa bei gani mwezi uliopita, na kama hakuwepo Newala mwezi uliopita asiandike neno punguzo kabisa. Vyama vya msingi, ambavyo vina orodha ya wanachama na vinajua nani atapata nini, vingeweza kukusanya mahitaji mapema, tuseme paneli 200 au redio 300, na kuagiza kwa pamoja kutoka kwa muuzaji anayetambulika, kama vinavyogawa salfa. Hili la mwisho nakiri lina hatari yake, maana viongozi wa vyama wengine nao ni binadamu. Basi bei na ankara zibandikwe ukutani mwa ghala kila mwanachama asome.

Kuhusu kangomba ya vyombo, maafisa watendaji wa vijiji wasisubiri amri kutoka juu. Mikataba hiyo inaandikwa vijijini, wakati mwingine mbele ya macho yao.

Na maafisa wa Tume ya Ushindani, FCC, pamoja na wa Shirika la Viwango, TBS, tunawaomba wapange safari ya Newala na Tandahimba kabla ya mnada wa kwanza. Wakija Januari watakuta maboksi matupu tu. Wakikosa vifaa vya kupimia runinga, mita ya mbao ya shule yetu ipo, tutawaazima.

Mwalimu wa Kijijini,
Newala, Mtwara.