Taa Zimepita, Watu Wako Wapi?

Wapo wapiga picha wasifiwao kwa michirizi myekundu na myeupe ya taa za magari usiku. Kamera huwekwa juu ya stendi, mlango wake ukaachwa wazi nusu dakika. Gari hupita, likatoweka, zikabaki taa tu. Uzuri upo. Lakini kuuita huo ndio ukweli wa barabara za Newala na Masasi ni dhuluma.

Mwaka 1838 Louis Daguerre alipiga picha ya mtaa wa Paris wenye pilikapilika za magari ya farasi. Kwa urefu wa muda, yote yalifutika. Akasalia mtu aliyesimama kung'arishwa viatu. Kamera humhifadhi atuliaye.

Basi, msimu wa korosho, lori lisimamapo Mkunya, taa zake na zizimwe. Wapakiaji waombwe watulie, nayo kurunzi ipitishwe taratibu: kwenye magunia, kwenye tairi, kwenye mabega yao. Mtadai huko ni kudanganya? Mchongaji wa Kimakonde achaguapo pa kupitisha tezo, ameudanganya mpingo? Amulikaye bodi ya gari akawaacha wachukuzi gizani, naye amechagua. Na aulizwe kwa nini.