Kura ya Marekani: Sifa Chache, Uthibitisho Mgumu

Katiba ya Marekani haina kifungu kinachotamka waziwazi kwamba kila raia ana haki ya kupiga kura. Walioiandika mwaka 1787 waliyaachia majimbo kazi ya kuamua nani achague, na kwa jumla kura ikawa ya wanaume weupe wenye mali. Marekebisho yaliyopanua haki hiyo baadaye yaliandikwa kwa sura ya katazo. Ya 15, ya mwaka 1870, yanakataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi au kuwahi kuwa mtumwa. Ya 19, ya mwaka 1920, kwa sababu ya jinsia. Ya 24, ya mwaka 1964, kwa kutolipa kodi katika uchaguzi wa viongozi wa taifa. Na ya 26, ya mwaka 1971, kwa sababu ya umri, mradi mtu ametimiza miaka 18. Nje ya makatazo hayo, majimbo yamebaki na uhuru mkubwa.

Kwa sheria za leo, mpiga kura sharti awe raia, awe na miaka 18, awe mkazi wa jimbo na awe ameandikishwa kwenye daftari. Sharti la mwisho halipo North Dakota, jimbo pekee lisiloandikisha wapiga kura. Ukaazi ulikuwa kizingiti kikubwa hadi mwaka 1972, Mahakama ya Juu ilipobatilisha sheria ya Tennessee iliyomtaka mtu awe ameishi jimboni mwaka mzima. Hata hivyo, mahali mtu anapoishi bado pana uzito: wakazi wa Puerto Rico ni raia wa Marekani lakini hawamchagui rais, ilhali mmoja wao akihamia Florida anaipata kura hiyo.

Uraia nao haukuwa sharti la kila mahali tangu mwanzo. Katika karne ya 19 majimbo kadhaa yaliwaruhusu wahamiaji waliotangaza nia ya kuwa raia, na Arkansas ndiyo ya mwisho kuachana na utaratibu huo, mwaka 1926. Sheria ya mwaka 1996 imefanya kuwa jinai asiye raia kupiga kura katika uchaguzi wa taifa, ingawa miji michache, kama Takoma Park huko Maryland, huwaruhusu kuchagua viongozi wa mji. Mtanzania aliyeshinda bahati nasibu ya viza, au Mkongo aliyepokewa kama mkimbizi, hapati kura kwa kuwa na kadi ya ukaazi wa kudumu. Kwa kawaida husubiri miaka mitano ndipo aombe uraia. Mtego uko kwenye ofisi za leseni za udereva, ambazo katika majimbo mengi huandikisha wapiga kura kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1993. Asiye raia akitia alama kwenye kisanduku cha uraia kwa kutoelewa fomu, anaweza kujikuta akikabiliwa na kesi au kufukuzwa nchini.

Waliotiwa hatiani wana hali tofauti kila jimbo. Maine na Vermont huwaacha wafungwa wapige kura wakiwa gerezani. Huko Florida, mwaka 2018, karibu asilimia 65 ya wapiga kura waliamua kuwarudishia haki waliomaliza adhabu, isipokuwa waliopatikana na hatia ya mauaji au ya makosa ya ngono. Mwaka uliofuata wabunge wa jimbo wakaeleza kwamba adhabu haijaisha mpaka faini, fidia na gharama za mahakama zilipwe. Kwa kuwa hapakuwa na daftari moja la madeni hayo, wengi hawakuweza hata kujua wanadaiwa kiasi gani.

Mfano huo unaonyesha kiini cha suala zima: mtu anaweza kuwa na sifa zote akashindwa kuzithibitisha. Katiba ya Mississippi ya mwaka 1890 haikutaja rangi. Ilimtaka mwombaji asome kifungu cha katiba au akieleze vizuri anaposomewa, na karani ndiye aliyeamua kama jibu limetosha. Mwaka 1964 ni asilimia 6.7 tu ya watu weusi wenye umri wa kupiga kura walioandikishwa katika jimbo hilo. Baada ya Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya mwaka 1965 kusimamisha mitihani hiyo na kupeleka maofisa wa serikali kuu, kiwango kilifika karibu asilimia 60 mwaka 1967.

Mabishano ya sasa yanahusu hati. Wanaodai cheti cha kuzaliwa au pasipoti wakati wa kujiandikisha wana hoja ya msingi: kura ya asiye raia inavunja sheria, na wananchi wakikosa imani na daftari hawatakubali matokeo. Kansas ilijaribu njia hiyo. Mahakama ilipoibatilisha mwaka 2018, waombaji zaidi ya 30,000 walikuwa wamezuiwa, ilhali wasio raia waliothibitika kujiandikisha kwa karibu miaka 20 walikuwa 39. Dawa ilidhuru wengi kuliko ugonjwa wenyewe.

Kuitwika serikali kazi ya uhakiki ni haki zaidi, kwa kuwa kumbukumbu za vizazi, pasipoti na uraia zinatoka kwake. Lakini kumbukumbu hizo nazo hukosea. Mwaka 2019 Texas ilitilia shaka watu wapatao 95,000 kwa kutumia taarifa za leseni, na wengi wakabainika kuwa walishapata uraia baada ya kuchukua leseni hizo. Jimbo likalazimika kuuacha mpango huo. Kwa hiyo uhakiki wa haki unahitaji mambo mawili: serikali ndiyo ithibitishe kwamba mtu hana sifa, na mtu huyo aarifiwe na apewe muda wa kujitetea kabla jina lake halijafutwa.