Shamba la kwenye picha na shamba la Titye

Siku hizi nikikaa na wanaojiandaa kuolewa nasikia maneno yale yale: tukishafunga ndoa tutauhama mji, tukae shamba, tufuge kuku, tulime mboga zetu, tupumzike na kelele. Zinazotuponza ni picha za kwenye simu. Gauni jeupe, kikapu cha nyanya, na mikono haina hata chembe ya udongo!

Nia yenyewe siipingi. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Muislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Ninachokipinga ni kuita maisha ya wanawake wenzetu "mepesi" bila ya kuwauliza.

Chukueni Titye, huko Kasulu, kwenye vilima vya Kigoma. Kwa macho ni pazuri, hewa ya asubuhi baridi na migomba imezunguka nyumba. Lakini mvua zikianza, mwanamke wa Kiha anatoka alfajiri na jembe la mkono, mtoto mgongoni. Mahindi, maharage, mihogo. Akimaliza kupanda inakuja palizi, na akirudi nyumbani yanamsubiri maji, kuni na jiko. Muhogo wa unga wauloweke, wauanike, wautwange (sisi tunaonunua wetu Darajani kwa futari hiyo kazi hatuijui). Na maharage bei yake hushuka wakati ule ule kila mtu anapovuna, ilhali sare na madaftari ya watoto havisubiri.

Wala si jambo la jana. Zama za ukoloni wanaume wengi wa Buha walikwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge, Tanga huko. Jembe walimwachia nani? Wake zao.

Tukitaka mfano katika dini yetu, tumtazame Bibi Asma binti Abubakar (r.a.). Aliolewa na Zubeir hana mali ila farasi wake na ngamia wa kuchotea maji. Yeye ndiye aliyemlisha farasi, akachota maji, akakanda unga, na akabeba kokwa za tende kichwani kutoka kwenye shamba la mumewe, mwendo wa theluthi mbili za farsakh, yaani kilomita tatu na ushei. Mwenyewe amesimulia kuwa baba yake alipompelekea mtumishi wa kumtunza farasi, alijiona kama aliyeachwa huru. Yule ni Asma, mwenye subira tunayoijua sote, na hakuona haya kusema kuwa kazi ilikuwa nzito.

Kwa hiyo mwari anayetaka shamba na alitake, lakini aulize kabla ya posa kujibiwa. Ardhi ni ya nani, na imeandikwa jina gani? Bara, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu ni mwanamke tu, lakini sheria haiji yenyewe mlangoni. Wapo wanaolima miaka ishirini kwenye ardhi ya ukweni, na mume akifariki wanaambiwa wafunge mizigo. Nani atapalilia nikiwa na mimba ya miezi minane? Mazao yakiuzwa pesa zinashikwa na nani? Kulisha nyumba ni wajibu wa mume, na anachochuma mke kwa mkono wake ni chake. Hayo tunayasoma madrasa, halafu tunayasahau tukiona picha ya kikapu.

Na mahari nayo si lazima iwe dhahabu na kitanda. Kwetu visiwani miti humilikiwa mbali na ardhi, na mikarafuu kumi iliyoandikwa jina la bibi harusi ni mahari halali kabisa.